Mizani, Daftari na Mlango wa Kazi

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, Masumbwe

Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo wengi wetu tungependa kulisahau, nalo ni namna ya kufungua kazi tena wakati ugonjwa wa mlipuko haujaondoka. Nimelikubali ombi hilo kwa sababu mbili. Kwanza, UVIKO-19 ulitukuta hatujajiandaa, na maradhi mengine ya namna hiyo yatakuja bila kubisha hodi. Pili, vijana walioketi hapa mbele ndio watakaokuwa wasimamizi wa machimbo, mameneja wa vinu vya pamba, waganga, walimu na madiwani siku hiyo ikifika. Wao ndio watakaoulizwa, "Tufungue au tusifungue?" Haifai wajibu kwa kubahatisha.

Neno langu ni moja, nami nalitoa mapema ili hata yule atakayesinzia kwa sababu ya pilau ya mchana asilikose. Takwimu za afya zikiwekwa ubaoni vizuri zinaweza kutuambia lini kufungua mlango wa kazi na lini kuurudisha. Lakini ubao huo hautasema kweli ikiwa mtu wa chini anayesema kweli juu ya afya yake analala na njaa. Mengine yote nitakayosema ni maelezo ya neno hilo.

UBAO WA TAKWIMU NI NINI

Ndugu zangu, siku hizi watu husema "dashibodi". Neno hilo halina uchawi. Malori yanayopita hapa Masumbwe kutoka Kahama kwenda Rusumo yana saa kadhaa mbele ya usukani: moja ya mwendo, moja ya mafuta, moja ya joto la injini. Dereva hafungui boneti kila kilometa moja ili kutazama ndani. Hutupia jicho zile saa. Mshale wa joto ukianza kupanda, dereva mwenye akili hasubiri moshi. Hupunguza mwendo, akatafuta pa kuegesha.

Ubao wa takwimu za afya ni saa za namna hiyo. Unaonyesha kwa mara moja wangapi wamepimwa, wangapi wamekutwa na ugonjwa, wangapi wamelazwa, na kama hesabu inapanda au inashuka kuliko wiki iliyopita. Ubao uliojulikana kuliko yote ulifunguliwa tarehe 22 Januari 2020 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Waliouanzisha ni mwalimu mmoja wa uhandisi, Lauren Gardner, na mwanafunzi wake Ensheng Dong. Watu wa dunia nzima waliutazama kwenye kompyuta na simu mpaka uliposimamishwa tarehe 10 Machi 2023. Vijana, liangalieni vizuri jambo hilo: kazi iliyotazamwa na marais ilianzishwa na mwalimu na mwanafunzi wake.

Lakini tusidhani kwamba kuhesabu wagonjwa ni jambo la kigeni kwetu. Tangu miaka ya 1990 zahanati zetu zinatumia vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kila aliyekwenda zahanati ameviona. Ni vile vitabu vikubwa vyenye mistari mingi, ambamo muuguzi huandika jina, umri, kijiji na ugonjwa. Mwisho wa mwezi hujumlishwa, na jumla hupelekwa wilayani. Huko huingizwa katika programu ya kompyuta iitwayo DHIS2, ambayo asili yake ni kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, pamoja na wataalamu wa Afrika Kusini, na ambayo nchi yetu inaitumia mikoa yote. Kwa hiyo mchoro wa rangi unaong'aa mbele ya mkubwa huko Dodoma ulianza kwa kalamu ya wino katika chumba chenye foleni ya akina mama na watoto. Kalamu ikikosea pale chini, rangi za kule juu zinapamba kosa tu.

TULIPOKOSA UBAO

Sasa tukumbuke yaliyotupata. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kesho yake shule zikafungwa. Nchi yetu haikufunga masoko, mashamba wala machimbo, na watu waliendelea na kazi. Tarehe 29 Aprili 2020 Tanzania Bara ikatoa hesabu yake ya mwisho ya wagonjwa, na Zanzibar ikaendelea kwa siku chache za mwezi Mei. Baada ya hapo, kwenye mbao zote za dunia Tanzania ilibaki na wagonjwa 509 na vifo 21, mwezi baada ya mwezi, kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Hesabu ile ilipokwama haikuwa na maana kwamba ugonjwa umekwama. Saa iliyokatika waya huonyesha joto lile lile hata injini ikiwaka moto. Vyuo na Kidato cha Sita vilifunguliwa tarehe 1 Juni 2020, na shule nyingine zote tarehe 29 Juni. Kila mwalimu mkuu, kila mwenye karakana na kila mwenye machimbo alifungua kwa jicho lake na kwa imani yake, maana saa ya kutazama haikuwapo.

Ilisemwa wakati ule kwamba vipimo havikuaminika. Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato, mkoani humu humu, Hayati Rais Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na za mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu, na baadhi zikarudi na majibu ya kuwa na virusi. Kituo cha Afrika cha Kudhibiti Magonjwa hakikukubaliana naye, kikasema vipimo vile vilikuwa vizuri. Sikuja hapa kuamua kesi hiyo. Nataka tujiulize swali moja tu, na watu wa ukanda huu ndio wanaofaa kulijibu: mizani ikitiliwa shaka, hufanywaje?

Wazazi wetu wakulima wa pamba wanajua, na wanunuzi wa dhahabu wanajua zaidi. Mizani ikitiliwa shaka huletwa jiwe la uzito unaojulikana, likapimwa mbele ya watu wote. Mizani ikiwa mbovu hutengenezwa au huletwa nyingine, na ikiwa nzima mashaka huisha. Hakuna mkulima atakayekubali mizani itupwe, kisha pamba yake inunuliwe kwa kukadiriwa kwa macho. Hali kadhalika na takwimu za ugonjwa: dawa ya kipimo chenye shaka ni kupima upya kwa njia nyingine.

Jambo hilo lilionekana baadaye. Mwezi Mei 2021 kamati ya wataalamu iliyoundwa na Rais Samia Suluhu Hassan ilishauri, pamoja na mengine, kwamba takwimu zitolewe tena kwa wananchi na kwa Shirika la Afya Duniani. Ikawa hivyo, na tarehe 28 Julai 2021 chanjo ikazinduliwa. Injini ilikuwa imekwisha kwenda safari ndefu bila saa.

NAMBA IPI YA KUTAZAMA

Ndugu Mwenyekiti, si kila namba inafaa kufungulia mlango. Nitatoa mfano wa kubuni ili vijana waupigie hesabu. Kijiji kimoja kimepima watu 20, kikapata wagonjwa 4. Kijiji cha pili kimepima watu 200, kikapata wagonjwa 8. Wapi pana hatari zaidi? Mwenye haraka atasema kijiji cha pili, kwa kuwa 8 ni wengi kuliko 4. Lakini katika kijiji cha kwanza kila watu 100 wanaopimwa wangetoa wagonjwa 20, na katika cha pili wagonjwa 4 tu. Kijiji cha kwanza kinaungua, ila hakijawashiwa taa.

Ndiyo maana mwezi Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba, kabla ya kulegeza masharti, wanaokutwa na virusi wawe chini ya asilimia 5 ya wanaopimwa kwa muda usiopungua wiki mbili. Neno "wiki mbili" lina sababu yake. Mtu aliyeambukizwa leo huweza kukaa siku 5 hivi kabla ya kuumwa, na wengine hufika siku 14. Namba ya leo inatuambia yaliyotendeka wiki iliyopita. Anayefungua Jumatatu na kutangaza ushindi Jumatano anasoma barua ya zamani.

Jirani zetu wa Kenya walikwenda kwa njia hiyo. Tarehe 28 Septemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta aliwaeleza wananchi kwamba sehemu ya wanaokutwa na virusi imeshuka kutoka asilimia 13 mwezi Juni hadi asilimia 4.4 mwezi Septemba. Kwa namba hiyo baa zikafunguliwa na saa za kutotembea usiku zikapunguzwa. Tarehe 12 Oktoba watoto wa Darasa la Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne wakarudi shuleni. Tarehe 4 Novemba Rais akasimama tena, akasema kiwango kimepanda mpaka asilimia 16 mwezi Oktoba. Baadhi ya masharti yakakazwa upya.

Wapo waliocheka kwamba Kenya ilifungua kisha ikarudi nyuma. Mimi sicheki. Dereva aliyeongeza mwendo barabara ilipokuwa nyeupe, akapunguza alipoona shimo, ndiye dereva. Lililobaki ni kujiuliza kama alipunguza mapema ya kutosha. Mwezi mzima wa kupanda ni mrefu. Ingekuwa heri kama siku ile ile ya kufungua, tarehe 28 Septemba, wananchi wangeambiwa waziwazi: "Tukifika asilimia kadhaa, kitu fulani kitafungwa siku ya pili yake." Namba ya kurudi nyuma huwekwa wakati vichwa vimetulia. Baa zikishajaa, kila mtu huwa na sababu ya kungoja wiki moja zaidi.

SOMO LA MGODINI

Sasa twende kwenye kazi tunayoijua, kazi ya kuchimba. Kampuni ya AngloGold Ashanti, ambayo ndiyo mwenye Mgodi wa Dhahabu wa Geita, mwaka 2020 ilikuwa bado na mgodi wa Mponeng huko Afrika Kusini. Mgodi huo umeshuka chini ya ardhi karibu kilometa 4, na husemwa ndio wenye kina kirefu kuliko yote duniani. Watu hushuka kwa lifti wakiwa wamebanana bega kwa bega. Ukitaka kuuonyesha ugonjwa wa hewa mahali pa kustarehe, uonyeshe lifti ile.

Afrika Kusini ilifunga kazi nyingi tangu tarehe 27 Machi 2020. Mwezi Aprili migodi ikaruhusiwa kurudi kwa nusu ya nguvu yake. Chama cha wafanyakazi wa migodi, AMCU, kikaenda mahakamani, kikadai kwamba wafanyakazi hawawezi kurudishwa chini bila kanuni za afya zenye nguvu ya sheria. Tarehe 1 Mei 2020, siku yenyewe ya wafanyakazi, Mahakama ya Kazi ikaamuru kanuni hizo zitolewe. Baraza la wenye migodi nalo likawa likichapisha ubao wa hesabu ya waliopimwa na waliokutwa na virusi migodini.

Mwishoni mwa Mei mfanyakazi mmoja wa Mponeng alikutwa na virusi. Wakapimwa wenzake. Katika watu 650 waliopimwa, 164 walikuwa navyo, yaani karibu mmoja katika kila wanne. Na karibu wote hawakuwa na dalili yoyote! Hawakukohoa wala hawakuwa na homa. Walipita langoni kila asubuhi na kipima joto kikasema, "Mzima, pita." Tarehe 24 Mei 2020 mgodi ukasimamishwa, ukasafishwa, waliokaribiana na wagonjwa wakatafutwa, kisha kazi ikarudishwa kwa hatua.

Tunajifunza mawili hapo. La kwanza, kipima joto cha langoni ni kitu kizuri, lakini si ubao. Kinamwona mmoja na kumwacha mwingine. La pili, waliopimwa walikuwa na mahali pa kwenda wakikutwa na ugonjwa. Walikuwa na mwajiri mwenye daftari la mishahara, chama cha kuwasemea na mahakama iliyokwisha kutoa amri. Kwa hiyo walikubali kupimwa. Hapo ndipo tunaporudi nyumbani, na hapo ndipo maneno yanakuwa magumu.

MTU WA CHINI

Ndugu zangu, ukanda wetu una migodi mikubwa yenye uzio na hospitali. Lakini vijana wengi wa Masumbwe, Mbogwe na Bukombe hawafanyi kazi ndani ya uzio. Wako kwenye maduara, kwenye karasha na kwenye mialo ya kuoshea. Hawana mshahara wa mwezi. Wana mgao wa mifuko ya mawe, na asiyeshuka hana mgao. Mtu kama huyo akiamka na homa na kikohozi, nani atamshauri aseme? Akisema, nafasi yake inachukuliwa kabla jua halijapanda, na nyumbani watoto wanangoja unga. Basi atameza vidonge viwili, atajipaka maji usoni na kushuka.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini tusimlaumu mficha maradhi kabla hatujatazama kilichomfanya afiche. Tukiweka adhabu juu ya ukweli, tutaletewa uongo. Ubao wetu utaonyesha wagonjwa sifuri, nasi tutafurahi, tutapiga picha, na wakati huo duara zima litakuwa linakohoa. Sifuri ya namna hiyo ni hatari kuliko wagonjwa 30 walioandikwa. Wagonjwa 30 twaweza kuwahudumia, lakini sifuri ya uongo inatulaza usingizi.

Kwa hiyo natoa shauri kwa wenye maduara na wenye karasha waliomo humu, maana najua mmo na baadhi yenu mmechangia chakula cha leo. Kila mgao, mtenge kidogo kwa ajili ya mfuko wa wagonjwa. Wachimbaji wenyewe wakubaliane kiasi. Anayesema mapema kwamba anaumwa apate posho ya siku za kupumzika, na nafasi yake imngoje. Itaonekana kwamba ni hasara. Lakini pigeni hesabu: ni rahisi kumlisha mtu mmoja kwa siku kumi kuliko kusimamisha watu 40 kwa mwezi, au kuzika.

Mtu atauliza, "Sisi tunaokula kwa jasho la siku ile ile, tutafungaje?" Swali hilo ni la haki, nalo ndilo sababu kubwa ya kutaka ubao. Mahali pasipo na hesabu pana njia mbili tu: kufunga vyote kwa hofu, au kufungua vyote kwa kufumba macho. Penye hesabu safi kuna njia ya tatu, nayo ni kusimamisha zamu moja, kwenye duara moja, kwa siku chache, na wengine waendelee kula.

UBAO WA MASUMBWE UWEJE

Nitasema sasa mambo ya kutenda, ili tusiondoke na maneno matupu. Hayahitaji kompyuta. Yanahitaji daftari, chaki na uaminifu.

Kwanza, kila mahali pa kazi pawe na daftari la mahudhurio la kweli. Liandikwe kila asubuhi wangapi wamefika, wangapi hawakufika, na kati ya hao wangapi wana homa au kikohozi. Mnaojua kazi mnajua kwamba watu kukosa kazini kwa wingi huonyesha ugonjwa kabla ya hospitali kuuona. Kama kwenye karasha yenye watu 40 hukosa mtu 1 au 2 kila siku, na ghafla wanakosa 7, hiyo ni taarifa. Usingoje maabara ili uanze kuuliza.

Pili, jumla zake ziandikwe kwenye ubao uliotundikwa mahali pa wazi, na tarehe iandikwe juu. Ubao usio na tarehe usiaminiwe. Na mahali penye watu wachache tuandike watu, tusiandike asilimia. Katika karakana ya watu 12 mgonjwa 1 ni zaidi ya asilimia 8, na namba hiyo itamtisha bure asiyejua hesabu.

Tatu, ubaoni isiandikwe hata siku moja jina la mtu. Ukanda wa machimbo unakumbuka jinsi watu walivyonyooshewa vidole miaka ya mwanzo ya UKIMWI, na jinsi vidole hivyo vilivyowafanya wengine wakimbie kupimwa. Namba ni ya watu wote. Jina ni siri ya mgonjwa na mganga wake.

Nne, kabla ya kufungua, waajiri, wafanyakazi na Afisa Afya wakae pamoja na kuandika namba ya kusimama. Kwa mfano, waweza kukubaliana kwamba zamu moja ikipata wagonjwa watatu wa homa na kikohozi ndani ya wiki, zamu hiyo inasimama na mganga anaitwa. Namba yenyewe watajua wataalamu kwa kila ugonjwa. Jambo kubwa ni kwamba iandikwe mapema na kila mtu aione, ili siku ikifika asitafutwe mkubwa wa kuipinda.

Tano, daftari la kazini lionane na kitabu cha zahanati kila wiki. Kama karasha inasema hakuna mgonjwa na zahanati imewahudumia watu wake sita, mmoja anasema uongo au wote wawili hawajui. Daftari mbili zikikutana ni kama jiwe la uzito juu ya mizani.

MFANO WA BIHARAMULO

Msidhani nasema mambo ya zamani. Malori yanayotupita hapa huvuka Nyakanazi na Lusahunga, nako ni Wilaya ya Biharamulo. Huko Biharamulo, tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia alitangaza kuwapo kwa ugonjwa wa Marburg. Ni ugonjwa mkali mno. Wagonjwa waliothibitishwa walikuwa 2 na waliodhaniwa kuwa nao 8, na wote 10 walifariki. Tarehe 13 Machi 2025 ukatangazwa kwamba umekwisha.

Nataka mwone jinsi siku ya mwisho ilivyopatikana. Haikuchaguliwa na mkubwa kwa sababu amechoka, wala na wafanyabiashara kwa sababu soko limelala. Kanuni ilikuwapo kabla ya ugonjwa. Marburg hujificha mwilini kwa siku zisizozidi 21, na kanuni huzidisha muda huo mara mbili. Hivyo zihesabiwe siku 42 bila mgonjwa mpya tangu kuondoka kwa wa mwisho, ndipo mlango ufunguliwe. Akitokea mgonjwa siku ya 41, hesabu inaanza tena siku ya kwanza. Kila mtu aliweza kuhesabu kwa vidole vyake, mwenye duka, mwalimu na dereva. Hiyo ndiyo heshima ya namba iliyokubaliwa mapema: humweka mkubwa na mdogo chini ya kalenda moja.

WITO

Ndugu Mwenyekiti, nakaribia mwisho, maana naona wapishi wananitazama.

Wakubwa mnaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu walikusanyika vikundi vikundi kuzunguka redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Elimu ile haikuishia masikioni. Wakati huo Masumbwe ilikuwa Mkoa wa Shinyanga, na tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Geita. Mipaka imebadilika, lakini mafua na homa hayasomi ramani, na njia ya kuyashinda ni ile ile ya watu kujua pamoja na kutenda pamoja.

Kwa hiyo naomba shule hii ianze. Hapa pia ni mahali pa kazi, na bweni ni duara lenye vitanda. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne, chini ya walimu wao wa hisabati na biolojia, wachukue daftari la mahudhurio na la wagonjwa, waondoe majina, wachore mstari wa wiki kwa wiki na kuutundika karibu na ofisi. Wajifunze mwaka wa kawaida unakuwaje, ili wautambue mwaka usio wa kawaida. Sisi wa zamani tununue ubao, rangi na madaftari. Kwa watu waliokunywa soda nyingi namna ile leo asubuhi, gharama hiyo haiwezi kutushinda.

Nanyi vijana, siku moja mtapewa funguo za mahali pa kazi. Mtaletewa namba nzuri na watu watakaotaka kuwafurahisha. Msiulize tu namba ni ngapi. Ulizeni imehesabiwa lini, katika watu wangapi, na yule aliyejitokeza kuwa mgonjwa amepewa nini. Mkiambiwa amefukuzwa, au jina lake limetangazwa, au mgao wake umekatwa, basi msiiamini namba hiyo hata iwe nzuri namna gani. Rudini mkatengeneze mambo ya mtu huyo kwanza.